Mgonjwa Akishaondoka: Mwongozo kwa Uliyemuuguza

Mazishi yamekwisha, matanga yameanuliwa, turubai na viti vya kukodi vimerudishwa, na ndugu waliotoka mikoani wamepanda mabasi yao. Nyumba imebaki na wewe. Saa tisa usiku unashtuka, miguu imeshagusa sakafu kabla hujajua unakwenda wapi, kwa sababu ndiyo saa uliyokuwa ukimgeuza ubavu. Unafika mlangoni pa chumba chake ndipo unakumbuka.

Mwongozo huu ni wako: mke uliyemuuguza mume aliyepooza, binti uliyeacha kazi mjini ukarudi kumhudumia mama mwenye saratani, kijana uliyekuwa ukimpeleka baba kusafishwa damu wiki baada ya wiki, mjukuu uliyelala chini kando ya kitanda cha bibi. Msiba wako una jambo ambalo misiba mingine haina. Umeondokewa na mtu, na siku hiyohiyo umeondokewa na kazi iliyojaza mchana na usiku wako. Watu wanakupa pole kwa hilo la kwanza. La pili hawalioni, na mara nyingi ndilo linalokuangusha mwezi wa pili au wa tatu, wakati kila mtu anadhani umeshazoea.

Usiku, na mwili ulioachwa

Wauguzi hutufundisha kumgeuza mgonjwa wa kulala kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya mgandamizo. Morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4. Ongeza uji, nepi, mfuko wa mkojo wa kumwaga, shuka za kufua kabla jua halijazama. Mwili uliofuata ratiba hiyo kwa miezi au miaka hauiachi kwa sababu kaburi limefukiwa. Kwa hiyo utaamka saa zilezile. Utasikia akikuita kwa jina. Utapika uji laini kisha ukumbuke hakuna wa kuunywa. Wengi waliouguza hupitia haya. Si dalili ya wazimu, na si marehemu anayekudai kitu.

Ukiamka, usibaki kitandani ukishindana na giza. Inuka, kunywa maji, sali au swali, kaa kwenye chumba kingine hadi kope ziwe nzito, ndipo urudi. Wiki za mwanzo mwombe mpwa au jirani unayemwamini aje kulala nawe; hana haja ya kuzungumza, inatosha awepo. Na usiguse vidonge vya usingizi au vya maumivu vilivyobaki kwa mgonjwa. Viliandikwa kwa mwili wake, kwa uzito wake na kwa ugonjwa wake.

Halafu nenda hospitali kwa ajili yako mwenyewe. Ni lini mara ya mwisho ulipimwa presha au sukari? Muuguzaji hujiahirisha. Jino linauma, anasema nikipata nafasi. Mgongo umekaza kwa kumnyanyua mgonjwa, anapaka mafuta ya kuchua na kuendelea. Nafasi hiyo sasa imepatikana, hata kama imekuja kwa njia ambayo usingeichagua. Usivuke arobaini hujapima. Na ikiwa marehemu alikuwa na kifua kikuu, nenda ukachunguzwe hata kama hukohoi, wewe na watoto waliokuwa wakiingia chumbani kwake. Huduma za kifua kikuu katika vituo vya serikali, Tanzania na Kenya, hutolewa bure.

Nafuu uliyoihisi

Kuna jambo waliouguza hulisema kwa sauti ya chini, wakilisema kabisa: pumzi ya mwisho ilipokatika, ndani ya uchungu ule walihisi mzigo umetuliwa. Kisha wakajichukia kwa kuhisi hivyo.

Mwaka 2003 Richard Schulz na wenzake nchini Marekani walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine utafiti kuhusu ndugu 217 waliowauguza wagonjwa wenye ugonjwa wa kusahau hadi wakafariki. Asilimia 72 walisema kifo kile kilikuwa nafuu kwao wenyewe. Zaidi ya asilimia 90 waliamini kilikuwa nafuu kwa mgonjwa. Hawa ndio waliokesha na kufua, ndio waliowalisha wagonjwa wao kijiko kwa kijiko. Huwezi kuwaambia hawakupenda.

Angalia pia tunavyosema misibani kwetu. Kila anayeingia anasema, "Bora amepumzika." Hakuna anayeshangaa, kwa sababu wote waliona mateso. Kama tunakubali kwamba aliyelala kitandani alihitaji kupumzika, basi na aliyesimama kando ya kitanda hicho alihitaji pia. Nafuu na huzuni hukaa pamoja katika moyo mmoja, na huna sababu ya kufukuza mojawapo.

Nafuu si hatia. Lakini kuna mashtaka mengine ambayo waliouguza hujifungulia wenyewe, na ninataka tuyatazame moja moja, maana ndiyo yanayokula watu.

La kwanza ni chakula. "Siku za mwisho alikataa kula, nikamwacha. Amekufa na njaa." Hapana. Mwili unaofunga safari hupoteza hamu ya chakula kwa sababu hauwezi tena kukitumia. Kumeza kunakuwa kugumu, na kumlazimisha mtu wa hali hiyo kunaweza kumpalia na kupeleka chakula kwenye mapafu. Ugonjwa ndio uliozima njaa. Kulowesha midomo yake kwa kitambaa chenye maji ndiyo huduma iliyokuwa imebaki, na wengi wenu mliifanya bila kufundishwa na mtu.

La pili ni dawa. "Nilimpa morfini, baada ya nusu saa akakata roho. Mimi ndiye niliyemmaliza." Hesabu kidogo. Dawa inayotolewa kila saa 4, mchana na usiku, lazima iwe na dozi ya mwisho, na lazima awepo mkono ulioitoa. Mgonjwa asingekufa katika saa ile, angekufa muda mfupi baada ya dozi iliyofuata. Morfini iliyotolewa kwa kipimo alichoandika daktari hutuliza maumivu; haiharakishi kifo. Kilichomuua ni saratani. Ulichompa ni saa chache bila maumivu.

La tatu ni kutokuwepo. Umekaa naye wiki nzima, ukatoka kuchota maji au kujibu simu, na ndipo akaondoka. Ndugu yangu, kuuguza hakupimwi kwa dakika ile moja. Kunapimwa kwa siku zote zilizoitangulia.

La nne ni pesa. "Laiti tungempeleka India." Ndoo ya michango ilipitishwa, kiwanja kikawekwa sokoni, na bado haikutosha, au ilitosha, lakini daktari alisema ugonjwa umeshasambaa. Uamuzi huo ulifanyika kwa fedha iliyokuwepo na habari iliyokuwepo siku ile. Leo unauhukumu kwa habari ambayo siku ile hakuna aliyekuwa nayo.

Ukishindwa kulitoa shtaka moyoni, lipeleke kwa anayejua. Chukua daftari lake la kliniki, nenda kwa daktari au muuguzi aliyemtibu, umuulize waziwazi: je, kuna nilichofanya kilichomdhuru? Swali hilo si la aibu, na jibu lake la dakika tano linaweza kukuondolea mzigo wa miaka. Na kama kweli ulimkosea, ulimfokea, ulimvuta kwa hasira usiku ulipokuwa umechoka mno, usijidanganye kwamba halikutokea. Lipeleke kwa sheikh, padri au mchungaji wako, utubu kama imani yako inavyoelekeza, kisha ukubali kwamba umetubu.

Machozi yasipokuja

Mwenye mgonjwa wa muda mrefu huanza kuomboleza mapema. Siku mama aliposahau jina lako ulilia. Siku baba, fundi hodari, aliposhindwa kufunga kifungo cha shati lake, ulitoka nje ukalia tena. Ikifika siku ya mazishi unaweza kuwa mkavu, unahesabu sahani na kuulizia maji, huku shangazi akinong'ona, "Mbona huyu halii?" Usiigize kilio kwa ajili ya macho ya watu. Kinaweza kuja wiki ya sita ukiwa sokoni, mbele ya mafungu ya mapapai aliyokuwa akiyapenda. Kikija, kiache kije.

Wala usijipimie kwa zile hatua tano zinazotajwa mara kwa mara kwenye semina. Elisabeth Kübler-Ross alipoziandika mwaka 1969 alikuwa akieleza aliyoyasikia kwa wagonjwa waliokuwa wakielekea kufa. Hakuandika ratiba ya kufuatwa na waliofiwa. Ninaona maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999, yanakaribia zaidi maisha yetu: aliyefiwa huenda na kurudi. Asubuhi anamlilia marehemu, mchana anahangaikia ada ya shule na bei ya mchele, jioni anamlilia tena. Kwa hiyo ukijikuta umecheka kwenye kikao cha kikoba, hujamsahau mtu. Uko upande mmoja wa safari hiyo, na utarudi upande wa pili bila kulazimishwa.

Mila zetu zina msaada mkubwa hapa, zikitumika vizuri. Mjane wa Kiislamu asiye mjamzito hukaa eda miezi 4 na siku 10. Kwa aliyeuguza, kipindi hicho kinaweza kuwa kigumu, maana mikono iliyozoea kazi imekosa cha kufanya. Lakini ni likizo inayoheshimiwa na jamii nzima, na hakuna mwenye haki ya kuja kukudai kazi nzito ndani yake. Kipokee hivyo. Kama unahitaji matibabu, muulize sheikh mapema namna ya kwenda. Usikae na ugonjwa kwa woga. Kwa wengine, hitima, arobaini au misa ya shukrani hurudisha watu nyumbani baada ya ukimya. Ombi langu ni moja: siku hiyo usiwe mpishi mkuu. Umehudumia vya kutosha. Kaa mkekani upewe pole kama wafiwa wengine.

Dawa, vitu na karatasi

Anza na dawa. Morfini na dawa nyingine kali zirudishwe kwenye kituo kilichozitoa. Usimpe jirani mwenye mgonjwa, hata akikulilia; mwelekeze hospitali. Kiti cha magurudumu, fimbo, nepi ambazo hazijafunguliwa na godoro la upepo vinaweza kumfaa mwingine mara moja, na wengi husema kumkabidhi mtu kiti kile kuliwapunguzia uzito wa kukitazama. Nguo zake hazina haraka. Pale ambapo ukoo una desturi ya kuzigawa siku ya kuanua matanga au arobaini, tenga yako moja kabla ya kikao, kanga au koti, na uwaambie wazee kwamba umeitenga.

Karatasi zina haraka zaidi. Tanzania, kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30, na cheti hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Bila cheti hicho huwezi kufungua mirathi mahakamani, na benki au mfuko wa pensheni hautakusikiliza. Kenya pia mirathi huanzia kwenye cheti cha kifo pamoja na barua ya chifu. Kazi ya kufuatilia vyeti apewe ndugu mwingine, maana miguu yako imeshatembea korido za hospitali kupita kiasi. Lakini usikae pembeni ya maamuzi yenyewe. Hudhuria kikao cha ukoo cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Jua kwamba msimamizi anakusanya mali, analipa madeni na kuwagawia warithi. Kuteuliwa kwake hakumfanyi kuwa mmiliki. Kama ulikopa kwa ajili ya matibabu, orodhesha madeni hayo sasa, pamoja na risiti, wakati kila mtu bado anakumbuka. Na usihame nyumba, usiuze kitu wala kusaini hati yoyote katika wiki ambazo bado hujalala usiku mzima.

"Wewe umezoea"

Kuna hatari moja sijaiona ikitajwa vya kutosha, nami naichukulia kwa uzito. Miezi michache baada ya msiba, mjomba anaanguka bafuni, na ukoo unageuka kukutazama. "Wewe umezoea. Wewe una moyo. Tena sasa huna kazi." Kwa siku kadhaa pendekezo hilo litakupendeza, maana linakurudishia ratiba na kukufanya uhitajike tena. Ndipo wengi wanapoingia kumuuguza wa pili kabla hawajamlilia wa kwanza, na wengine huja kuanguka wao.

Kataa kwa adabu, lakini kataa. Unaweza kusema: "Mjomba ni mzazi wangu, nitakuja kumwona kila Jumamosi na nitamfundisha atakayekaa naye namna ya kumgeuza na kumlisha. Kulala naye, mwaka huu siwezi." Ujuzi wako utolewe kama ujuzi. Anayejua kumwogesha mtu kitandani bila kumtia baridi, anayejua kusafisha kidonda, anayejua kidonge kipi hakiendi na tumbo tupu, ana elimu ambayo familia nyingi haina. Mfundishe mwingine. Baadaye, ukiwa umepona, unaweza hata kujitolea kwenye kituo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya wagonjwa mahututi, au kusomea kazi hiyo. Si sasa.

Sasa rudisha saa zako kidogokidogo. Chagua jambo moja lenye siku na saa yake: mazoezi ya kwaya Jumatano, darsa la akina mama Alhamisi, jumuiya ndogondogo, zamu yako ya kikoba, bustani ya mchicha inayotaka maji kila jioni. Saa iliyokuwa ngumu kuliko zote, labda ile ya kumwogesha asubuhi, ndiyo uipangie jambo hilo. Kama uliacha kazi au biashara, anza na siku mbili kwa wiki. Utachoka haraka na utasahausahau bei. Hiyo ni kawaida kwa mtu aliyefiwa, na hupungua.

Huzuni inapohitaji tabibu

Wengi hupona bila daktari. Katika utafiti ule wa 2003, dalili za sonona kwa waliouguza zilipungua kwa kiasi kikubwa miezi 3 baada ya kifo. Lakini si wote. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inatambua huzuni iliyorefuka kupita kiasi: inadumu zaidi ya miezi 6, inavuka kile ambacho desturi na dini ya mtu inakitarajia, na inamzuia kuishi. Mtu haogi, hali, haendi kazini, analala kaburini, anakunywa pombe ili apate usingizi. Hapo nenda hospitali ya wilaya uulizie huduma ya afya ya akili. Na kama unawaza kujiua, usisubiri miezi yoyote. Mwambie mtu leo, akupeleke hospitali leo.

Kuna mlango mwingine ambao watu wengi hawaujui. Kama mgonjwa wako alihudumiwa na timu ya tiba shufaa, iwe Ocean Road jijini Dar es Salaam, Selian mkoani Arusha, Nairobi Hospice iliyoanzishwa mwaka 1990 au Hospice Africa Uganda aliyoianzisha Dakta Anne Merriman mwaka 1993, kumbuka kwamba katika maana ya tiba hiyo kama inavyotolewa na Shirika la Afya Duniani, familia iliyofiwa ni sehemu ya huduma. Wapigie. Wanamjua mgonjwa wako kwa jina, wanajua usiku ulioupitia, na huna haja ya kuwaeleza kuanzia mwanzo.

Neno kwa ndugu

Nyumba nyingi za mjini zilimwachia kazi hii dada wa kazi. Yeye ndiye aliyembadilisha bibi nepi kwa miaka miwili, na yeye ndiye bibi aliyemwita usiku. Akizikwa bibi, binti huyo anaambiwa afungashe, kwa kuwa hahitajiki tena, na hakuna anayempa pole. Huo ni ukatili. Mwiteni akae na wafiwa, mlipeni mshahara wake wote, mpeni muda wa kutafuta kazi nyingine, na mwandikieni barua ya kumshukuru inayotaja alichokifanya.

Na kwenu watoto wa marehemu: ikiwa mlikuwa sita na aliyeuguza ni mmoja, sita hao hamkutoka msibani mkiwa sawa. Mmoja wenu amepoteza mshahara, au mwaka wa masomo, au mgongo wake. Rambirambi zikihesabiwa, zungumzeni juu yake akiwepo, si nyuma yake. Lipeni deni lake la dawa. Mpeni nauli na fedha ya kupima afya. Mpangieni zamu ya kumtembelea kuanzia mwezi wa pili, simu zinapokoma, na mkifika msimuulize tu kama ameshazoea. Muulizeni analala saa ngapi na anakula nini. Kaeni kikao hicho kabla ya arobaini.